Krenki Ndefu au Injini ya 200? Kabla Hujaifungua CG Yako Tanga

Ukitaka kuijua injini ya cc 125, usiipimie Ngamiani. Mji wa Tanga umelala kama mkeka. Kutoka Kange hadi Raskazone hakuna mlima wa kuitoa jasho pikipiki, na hata guta lililojaa saruji kutoka Pongwe litafika, mradi dereva asiwe na haraka. Ipeleke Mombo. Igeuze pua ielekee Soni, pakia magunia mawili na abiria, halafu sikiliza. Kona za mwanzo gia ya tatu, mbele kidogo gia ya pili, na kabla hujapata kivuli cha milima iko gia ya kwanza inalia, joto la bloku linakuchoma magoti. Barabara ya Muheza kwenda Amani ni yale yale, ila huko kuna na tope.

Anayefanya kazi kwenye milima hiyo lazima siku moja aulize, na kila kijiwe cha mafundi kina jibu lake tayari. Hawa watakwambia bakiza injini yako, weka krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ndefu, ongeza stroki, yaani safari ya pistoni kutoka chini hadi juu. Wale watasema hiyo toa, funga ya 200. Njia zote mbili zinaongeza nguvu ya kuvuta, na zote mbili zimeacha pikipiki nyingi juu ya mawe nyuma ya gereji. Ukitaka kuchagua vizuri, usianze na kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Uliza ipi itavunjika kitu gani kwanza.

Hapa tunazungumzia ukoo wa CG, maana ndio ulio chini ya pikipiki nyingi za Kichina na magari madogo ya mizigo ya tairi tatu yanayozunguka mkoa huu. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976. Kamshafti yake, shafti inayofungua valvu, iko chini, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa na pushrodi, vijiti vya chuma vinavyopanda hadi kwenye hedi. Cheni ya taimingi haimo kabisa. Ilitengenezwa hivyo makusudi, kwa watu wanaobeba kupita kiasi na kumwaga oili wakikumbuka. Wachina wakainakili, kisha wakaikuza hatua kwa hatua, na hatua hizo ndizo zinazotupa chaguo la leo.

Kabla ya kushika spana, soma maandishi yaliyogongwa kwenye kesi ya injini. 156FMI maana yake: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Herufi J ni 150, K ni 175, L ni 200, M ya mwisho ni 250. Ukikuta 157FMI usidhani umepata injini kubwa zaidi. Kipenyo ni kile kile 56.5, kiwanda kimoja kimeshusha hesabu, kingine kimepandisha.

Vipimo vyenyewe ni hivi. CG ya 125 ina kipenyo 56.5 na stroki 49.5, ujazo cc 124. Ya 150 ina 62 kwa 49.5, cc 149, yaani wamepanua tundu tu na krenki haijaguswa. Ya 175 ina 62 kwa 57.8, cc 174 na nusu. Ya 200 ina 63.5 kwa 62.2, cc 197. Anayetaka kuhakikisha achukue kipenyo kwa sentimita, akizidishe chenyewe kwa chenyewe, azidishe kwa 0.7854, halafu azidishe kwa stroki. Hesabu hii ifanywe kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mtaani kuna bloku nyingi zinazouzwa kwa jina la 150 ambazo ukiziwekea venia (kipimo cha milimita) unakuta si 62.

Sasa chukua ile 125 na kipenyo chake cha 56.5, ipe stroki ya 57.8. Unapata cc 145 hivi. Nyongeza ni kama asilimia 17. Si haba, lakini kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Anza na sproketi

Jambo hili mafundi wengi hawapendi kulisema kwa sababu halina ujira mkubwa. Pikipiki nyingi za 125 hutoka na sproketi (magurudumu ya meno ya cheni) za meno 15 mbele na 38 nyuma. Weka 14 mbele na 43 nyuma. Uwiano unatoka 2.53 unakwenda 3.07, yaani nguvu inayofika kwenye tairi imeongezeka kwa asilimia 21, zaidi ya ile krenki ndefu, na injini hujaifungua hata boliti moja. Unacholipa ni mwendo. Mahali ulipokuwa unakwenda kilomita 70 kwa saa, sasa kwa mzunguko ule ule wa injini utakwenda 58. Cheni utaiongeza pingili mbili, namba 428 ile ile, na ekseli ya nyuma utaisogeza kidogo.

Kwa guta linalotoka soko la samaki la Deep Sea na mapipa ya barafu kwenda Makorora, habari imeishia hapa. Hakuna haja ya kilomita 70. Kwa bodaboda wa Muheza anayeshinda mlimani pia mara nyingi inatosha. Wa Mombo anayepanda Lushoto asubuhi na jioni, akishuka tena barabara kuu kwenda Korogwe, ndiye atakayebaki na shida, kwa sababu anahitaji nguvu mlimani na mwendo kwenye tambarare. Huyo ndiye wa kuendelea kusoma.

Kuna na hewa. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Tanga mjini. Injini inayopumua kwa kabureta hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ile asilimia 17 ya krenki ndefu utaiacha njiani kabla hujafika sokoni Lushoto. Juu ya hapo, kabureta iliyosetiwa usawa wa bahari itakuwa inamwaga mafuta mengi kule juu: plagi nyeusi, moshi, na dereva anarudi akilalamika kwamba krenki mpya haina lolote.

Krenki ndefu: kinachobadilika ndani

Stroki ni mara mbili ya umbali kutoka katikati ya krenki hadi katikati ya pini yake. Kutoka 49.5 kwenda 57.8 pini inasogea nje milimita 4.15. Basi pistoni itapanda juu zaidi kwa 4.15 na itashuka chini zaidi kwa 4.15. Matatizo yote ya krenki ndefu yanatoka kwenye hizo 4.15.

Juu kwanza. Pistoni ya zamani itaingia kwenye hedi. Wengine huweka pleti chini ya bloku kuinyanyua 4.15, wengine hutafuta pistoni ambayo tundu la pini liko juu zaidi, wengine konrodi fupi, ule mkono unaounga pistoni na krenki. Kwenye injini ya cheni ya taimingi ukinyanyua bloku unatafuta cheni ndefu. Kwenye CG unatafuta pushrodi ndefu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bloku limenyanyuliwa, pushrodi ni zile zile, fundi anakaza skrubu ya tapeti mpaka nyuzi zinakaribia kwisha ili afikie. Injini inawaka, inakwenda wiki moja, nati ya tapeti inalegea, pushrodi inaruka kwenye kikombe chake na kupinda. Pushrodi ikishapungua urefu, irefushwe au ibadilishwe. Skrubu ya tapeti kazi yake ni kuacha nafasi ya milimita 0.08 kwenye valvu injini ikiwa baridi, si kuziba pengo la milimita nne.

Chini nako. Sketi ya pistoni inaposhuka 4.15 zaidi inaweza kugusa sahani za krenki, na konrodi inapolala ubavu inaweza kugusa ukingo wa slivu, ile silinda ya chuma ndani ya bloku. Ukingo huo hukatwa kidogo kwa tupa, pande mbili, na chuma chote kiondolewe kwa petroli na upepo. Funga kwa majaribio bila ringi, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Popote inapogoma, usilazimishe. Acha walau milimita 1 kati ya sketi na sahani.

Juu pima kwa waya wa risasi ya kulehemu. Weka vipande viwili juu ya pistoni, kimoja kila upande sambamba na pini, funga hedi na gasketi yake, zungusha, fungua, pima kilichobanwa. Chini ya milimita 1 ni hatari, kwa sababu konrodi na beringi zikishapata moto na mzunguko pistoni hupanda zaidi ya ulivyoona mezani. Kwa valvu tumia plastisini ya watoto, uache milimita 1.5.

Kompresheni ndiyo inayosahaulika kabisa. 125 ya kawaida iko kwenye 9 kwa 1, yaani mchanganyiko unabanwa mara tisa. Maana yake chumba cha moto kina cc 15.5 hivi. Ujazo ukipanda hadi cc 145 na chumba kikabaki kile kile, kompresheni inakwenda 10.3. Hiyo kwa mtu makini inavumilika mjini. Ukichanganya krenki ya 57.8 na bloku la 62 lakini ukaacha hedi ya 125, unafika 12 na zaidi. Huo ni moto wa mashindano kwenye pikipiki ya magunia. Mlimani, gia ya pili, gesi imefunguliwa yote, utasikia mlio kama karanga zinazorushwa kwenye kikaango. Mlio huo ni petroli inayojilipua kabla ya wakati wake. Ukiusikia siku moja ukapunguza gesi, umepona. Ukiuzoea, utakuja kutoa pistoni yenye tundu katikati.

Kuirudisha 12 hadi 9 kwa kuongeza unene wa gasketi unahitaji milimita 2 nzima juu ya bloku la 62, na hapo pushrodi zimekuwa fupi tena. Ndiyo maana njia hii ikifanywa sawasawa inaishia kudai hedi ya 175, na bloku la 175, na pistoni yake, na pushrodi zake, na krenki yake pamoja na konrodi. Hesabu hivyo vitu. Kilichobaki cha injini yako ya zamani ni kesi, giaboksi na klachi. Umenunua robo tatu ya injini vipande vipande, na robo iliyobaki ndiyo iliyochoka.

Krenki yenyewe inapatikana kwa njia mbili. Ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa 175, na ya kuundwa kwa pini ya ngazi, ambayo ncha zake haziko kwenye mstari mmoja na sehemu ya katikati. Pini ya ngazi tuiseme wazi: kwa pikipiki ya kazi usiiweke. Krenki ya CG ni sahani mbili zilizogandamizwa kwenye pini kwa presi, hakuna boliti. Pini ya kawaida ikipinduka kidogo ndani ya tundu lake, stroki haibadiliki. Ya ngazi ikipinduka, stroki inabadilika, konrodi inakaa upande, na injini inanoki. Wanaoogopa hilo huilehemu pini kwenye sahani, moto wa kulehemu unapinda sahani, na krenki inaanza kuyumba.

Hata ya kiwandani usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi. Ilaze ncha zake kwenye vibao viwili vya V, weka dayo geji, ile geji yenye sura ya saa, mwisho wa kila shafti, zungusha. Lenga yumbo lisilozidi milimita 0.03. Likifika 0.05 irudi kwa fundi mwenye presi, agonge kwa nyundo ya shaba na kupima, agonge na kupima. Fundi anayenyoosha krenki kwa jicho ana bahati tu, na bahati haitiwi kwenye injini. Shika konrodi uisukume juu na chini: isicheze hata chembe. Kuyumba kidogo pembeni ni kawaida.

Ukishafunga, sahau mizunguko ya zamani. Kwa stroki ya 49.5 injini ikizunguka mara 8,500 kwa dakika, pistoni inakwenda wastani wa mita 14 kwa sekunde. Kwa 57.8 mwendo ule ule wa pistoni unaufikia kwenye 7,300. Ukiendelea kuivuta hadi 8,500 kwa mazoea, konrodi na ringi zinabeba mita 16.4. Krenki ndefu inataka kubadilishiwa gia mapema, na vijana wengi wa bodaboda hawana sikio hilo. Zaidi ya hayo uwiano wa uzito kati ya sahani na pistoni umebadilika, kwa hiyo mtikisiko unaongezeka. Dalili zake si injini kulia. Ni balbu zinazokatika nyuzi, boliti za eksozi zinazolegea, na ufa mwembamba pale kishikio cha injini kilipolehemiwa kwenye fremu.

Kufunga ya 200

Hii inaonekana rahisi: toa moja, weka nyingine. Kwa sehemu kubwa ni rahisi kweli, kwa sababu kiwanda kimeshafanya hesabu zote zilizo hapo juu. Kompresheni, pushrodi, klachi, mfumo wa oili, kila kimoja kimepimwa na mwenzake. Baadhi ya 200 zina hata shafti ya kupunguza mtikisiko. Shida zake ziko nje ya injini, mahali unapoweza kuziona na kuzigusa, na hilo ndilo linaloifanya iwe chaguo letu kwa mtu wa mizigo na milima.

Ukinunua iliyotumika, usiinunue kwa mlio. Injini nyingi zinazofika Tanga ni za waja leo waondoka leo, hakuna ajuaye zilikotoka. Fungua boliti ya kumwagia oili, ipokee oili kwenye sahani nyeupe, ivutevute kwa kidole juani. Vumbi la kung'aa kidogo ni la klachi na gia, vumilia. Vipande vyenye umbo, acha. Vua kifuniko cha sumaku, shika gurudumu lake, sukuma juu na chini. Likicheza, beringi za krenki zimekwisha. Ingiza gia zote tano huku unazungusha shafti ya sproketi kwa mkono. Gia inayoruka mezani haitatulia Soni.

Ipeleke kwenye fremu kabla ya kulipa, ikiwezekana. Kesi za ukoo huu zinafanana lakini hazilingani. Matundu ya boliti za nyuma huenda yakawa yamepishana upana, moja likawa la boliti ya 8 na jingine la 10. Bloku la 200 ni refu, hivyo angalia hedi isiguse bomba la juu la fremu, na kifuniko cha tapeti kiweze kutoka bila kushusha injini. Penye pengo weka bushi ya kukereza. Usivute masikio ya kesi kwa kukaza boliti. Ile ni aluminiamu ya kumimina. Haipindi, inakatika, na inakatika siku ya tatu ukiwa na abiria.

Kisha laini ya cheni. Weka ubao ulionyooka au kipande cha bomba la mraba kwenye uso wa sproketi ya nyuma, uelekeze mbele. Sproketi ya mbele ikiwa nje au ndani zaidi ya milimita 1 hivi, cheni italia na meno yatanolewa kama msumeno upande mmoja. Angalia pia namba ya cheni. Baadhi ya 200 huja na sproketi ya 520 wakati gurudumu lako lina 428. Hazichanganyiki. Meno ya mbele anza na 15, nyuma 38 au 40, kwa sababu injini hii haihitaji kusaidiwa kama ile.

Umeme umewachosha wengi kuliko chuma. CDI, kisanduku kinachotoa cheche za plagi, ziko za aina mbili: inayolishwa na koili ya stata (koili zinazozalisha umeme kwenye injini), na inayolishwa na betri. Ukichukua stata ya aina moja na CDI ya nyingine, cheche hazitoki, au zinatoka mpaka CDI iungue. Stata na CDI zinunuliwe zikiwa pamoja. Hesabu nyaya za njano zinazotoka kwenye stata. Zikiwa tatu, regyuleta ya zamani haifai. Inachaji kupita kiasi au haichaji kabisa, betri inachemka maji, balbu zinaungua mfululizo, na lawama zinamwendea muuza balbu. Kila plagi ya nyaya ijazwe grisi au vaselini kidogo ndani. Hewa ya chumvi ya Tanga inaotesha ukijani kwenye shaba kwa miezi michache, na ukijani huo husababisha hitilafu inayokuja asubuhi na kuondoka mchana.

Kabureta ya 125 ni PZ26. Ya 200 ni PZ30. Wapo wanaobakiza PZ26 ili kubana matumizi, na injini inawaka vizuri tu, ila mlimani inakosa pumzi na kwenye tambarare haizidi ile ya zamani sana. Ukifunga PZ30, mdomo wa boksi la hewa la 125 huwa mdogo, hivyo tafuta mpira wake. Usifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hewa inayopenya pembeni hupunguza mafuta, injini inakwenda kasi ikiwa imeachwa bila gesi, plagi inakuwa nyeupe kama chokaa, na pistoni inayeyuka ukingoni. Baada ya kupanda mlima wa kweli, zima injini hapo hapo juu, chomoa plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe, ongeza jeti. Nyeusi yenye masizi makavu, punguza. Anayeishi juu na kushuka mjini mara moja kwa wiki asetie juu, lakini asisahau kwamba akifika chini mchanganyiko unapungua mafuta.

Breki nazo. Injini ya 200 itakupandisha na gunia la tatu ambalo 125 ilikukatalia, halafu utashuka nalo kwenye ngoma zile zile za 125. Vitambaa vipya, kamba mpya, mkono wa breki uliokaa wima unapobana. Shuka kwa gia uliyopandia. Hapo 200 ina faida, inashikilia kuliko 125. Tena, fremu na shokapu ni za 125 bado. Gunia la tatu halikuandikwa popote kwenye pikipiki hiyo.

Kadi na leseni

Namba ya injini na ujazo wake vimo kwenye kadi ya pikipiki. Injini ikibadilika, taarifa zibadilishwe TRA, na utahitaji stakabadhi ya ulikoinunua. Bila hiyo, trafiki akilinganisha namba na kadi unakuwa mtu wa kujieleza, na bima nayo ina pa kushikia siku ya ajali. Hii ndiyo sababu inayowasukuma wengi kwenye krenki ndefu: namba inabaki ile ile. Inabaki kweli, lakini ujazo si ule ulioandikwa, na ni vizuri kulijua hilo badala ya kujifanya halipo. Leseni pia: daraja A1 ni la pikipiki ndogo za hadi cc 125. Ukivuka hapo unahitaji A, na guta la tairi tatu linataka A2.

Nani achukue ipi

Mwenye kesi nzima, giaboksi isiyoruka, na krenki ambayo tayari imekwisha na lazima ibadilishwe, huyo ana hoja ya kuweka ya 57.8, kwa sababu gharama ya kufungua injini ameshaingia. Achukue seti kamili ya 175, asichanganye. Aongeze pleti za klachi kama nafasi ipo, au abadilishe springi, maana klachi ya 125 itaanza kuteleza mlimani kabla ya kitu kingine: injini inapiga kelele, pikipiki haiongezi mwendo, oili inanuka kuungua.

Mwenye 125 nzima inayokwenda vizuri ila haina nguvu, asiifungue. Sproketi kwanza, mwezi mmoja. Isipotosha, 200, na ile ya zamani ikae kando.

Anayefikiria kuweka bloku la 62 tu kwenye 125 na kuacha krenki, yaani kuifanya 150, yuko katikati na si mahali pabaya. Nyongeza ni asilimia 20, mizunguko haibadiliki, pushrodi zinabaki. Apime kipenyo cha nje cha slivu na mdomo wa kesi, kama haiingii bila kukereza kesi asiendelee. Atafute hedi ya 150, kwa sababu ile hesabu ya kompresheni haijaondoka: chumba cha cc 15.5 chini ya bloku hilo kinatoa 10.6.

Yoyote utakayoifunga, kilomita 500 za kwanza ni za mjini, bila mzigo, gesi ikipanda na kushuka. Kwenda mwendo mmoja kutoka Tanga hadi Segera si kuizoeza, ni kuing'arisha slivu kabla ringi hazijakaa. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 300, weka mpya, takribani lita moja ya 20W-50, na safisha chujio la wavu. CG haina filta ya kubadilisha, ina wavu na kikombe kinachozunguka mwisho wa krenki, na kikombe hicho kikifunguliwa baada ya kazi kubwa hukutwa na tope la chuma la kutosha kujaza kifuniko cha soda. Kaza upya boliti za hedi injini ikiwa baridi kabisa, kwa msalaba, kisha rudia tapeti.

Injini ya zamani usiiuze siku hiyo hiyo. Mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha mara chache, iache kwenye kompresheni ili valvu zote zifungwe, rudisha plagi, ziba tundu la eksozi na la kabureta kwa tambara lenye grisi, kisha ifunge kwenye gunia la plastiki na uiweke mbali na sakafu. Ikikaa wazi karibu na bahari, ringi zitashika kutu kwenye slivu, na siku utakapoihitaji itakuwa haizunguki.